McIndoe, bingwa wa nyuso zilizoungua aliyeacha alama hadi Afrika Mashariki

MTOTO anapoangukia mafiga jikoni katika kijiji cha Bungoma, au mama anapolipukiwa na koroboi katika mtaa mmoja wa Kitale, macho ya jamaa huelekea kwenye ngozi. Swali la kwanza huwa iwapo majeruhi ataishi. La pili huwa iwapo uso wake utarudi ulivyokuwa. Ni wachache wanaokumbuka kuuliza juu ya mdomo.

Hata hivyo, mdomo ndio huleta mashaka makubwa miezi kadhaa baadaye, wakati majirani wamekwisha kutoa pole zao na kurudi mashambani. Kovu linapokomaa hujivuta. Pembe za mdomo hukaribiana, mdomo wa chini hubinuka nje, mate hutiririka, na kijiko kilichokuwa kikipita bila taabu hugonga meno na kurudi. Mswaki nao haupiti. Meno huanza kuoza pale ambapo hakuna anayeweza kuyaona, na maumivu hutanda usoni hata mgonjwa asijue kama yanatoka kwenye jino, kwenye taya au kwenye kovu lenyewe.

Katika karne ya 20 alitokea daktari mmoja ambaye jina lake lilifungamana na nyuso zilizoungua kuliko la mwingine yeyote. Huyo ni Sir Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand aliyefanya kazi Uingereza na kufariki dunia mwaka 1960. Wakazi wengi wa Trans Nzoia na Bungoma hawajapata kulisikia jina lake, ingawa ndege za madaktari wanaoruka zenye makao katika Uwanja wa Wilson, Nairobi, wanazifahamu vyema. McIndoe alikuwa mmoja wa watu watatu walioanzisha shirika lililozaa huduma hiyo.

Archibald Hector McIndoe alizaliwa tarehe 4 Mei mwaka 1900 katika mji wa Dunedin, kusini mwa New Zealand. Baba yake, John McIndoe, alikuwa mpiga chapa. Mama yake, Mabel Hill, alikuwa mchoraji mwenye sifa, na huenda jicho la kuona umbo la uso kijana huyo alilirithi kwake. Vidole hakuvirithi. Walioshuhudia kazi yake walistaajabia mikono yake minene, iliyofanana na ya mkulima, jinsi ilivyoweza kushona kope la jicho bila kutetemeka.

Alisoma katika Shule ya Wavulana ya Otago, kisha akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Otago. Baada ya kufuzu alifanya kazi kwa muda katika Hospitali ya Waikato, na mwaka 1924 akapata ufadhili wa kwenda katika Kliniki ya Mayo nchini Marekani. Mwaka huohuo alimwoa Adonia Aitken, ambaye ilimbidi abaki nyumbani mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Huko Marekani McIndoe hakushughulika na nyuso kamwe. Alichunguza maradhi ya ini na upasuaji wa tumbo, na angeweza kumaliza maisha yake katika fani hiyo.

Aliyeyageuza mambo ni daktari mashuhuri wa Uingereza, Lord Moynihan, aliyemwona akifanya kazi na kumshawishi kwamba London ilikuwa na nafasi yake. McIndoe akaihamisha familia mwaka 1930. Alipofika alikuta hakuna kazi iliyomngoja. Hapo ndipo alipomwendea binamu yake, Harold Gillies, naye Gillies akamfungulia mlango wa Hospitali ya St Bartholomew na wa kliniki yake ya binafsi.

Gillies anastahili kuelezwa kidogo, kwani bila yeye habari hii isingekuwapo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa amewatibu askari waliovunjwa nyuso na risasi na vipande vya mizinga, katika hospitali iliyojengwa kwa ajili yao huko Sidcup. Mwaka 1917 alimpokea baharia aliyeungua uso mzima katika vita vya meli vya Jutland. Kovu lilikuwa limemvuta kope na midomo hata hakuweza kuyafumba macho wala kuufunga mdomo. Alipokuwa akimfanyia upasuaji, Gillies aliona kwamba kipande cha ngozi ya kifua, kikiachwa kimeshikamana na mwili upande mmoja, hujikunja chenyewe. Akakishona kikawa kama mrija. Damu iliendelea kupita ndani yake, na ngozi ikafika usoni ikiwa hai. Daktari Mrusi, Vladimir Filatov, alikuwa amefikia wazo hilohilo mwaka mmoja kabla, bila wawili hao kujuana.

Jambo la pili lililozaliwa Sidcup halisimuliwi sana, nalo ni ushirikiano wa daktari wa upasuaji na daktari wa meno. Gillies alifanya kazi bega kwa bega na William Kelsey Fry, ambaye aliyajua mataya kama fundi ajuavyo mbao. Inasimuliwa kwamba Kelsey Fry, akiwa angali daktari wa kikosi vitani, alimsaidia askari aliyepasuliwa taya kutembea hadi kituo cha matibabu akiwa ameinamisha kichwa mbele. Alipogeuka kuondoka, wenzake walimlaza majeruhi huyo chali juu ya machela, na ulimi na damu vikamziba koo akafa. Tangu hapo Kelsey Fry hakuchoka kufundisha kwamba mtu aliyeumia taya asilazwe chali. Ni funzo ambalo lingewafaa sana leo wanaowakimbilia majeruhi wa bodaboda kwenye barabara ya Kitale na Webuye.

McIndoe aliingia katika fani hiyo akiwa mwanafunzi wa binamu yake na akawa mwenzake kwa haraka. Mwaka 1938 aliteuliwa kuwa mshauri wa Jeshi la Anga la Uingereza katika upasuaji wa kuunda viungo upya. Vita vya Pili vilipozuka mwaka 1939, alipelekwa katika hospitali ndogo ya Queen Victoria katika mji wa East Grinstead, kusini mwa London. Kituo alichokianzisha humo kilikuwa cha upasuaji wa ngozi na wa mataya kwa pamoja. Kelsey Fry naye alikuwa mmoja wa waliokuja kufanya kazi huko, na hivyo yule mtaalamu wa meno aliyefanya kazi na Gillies akawa pia nguzo ya kazi ya McIndoe.

Majira ya joto ya mwaka 1940 ndege za Ujerumani zilianza kuishambulia Uingereza mchana na usiku. Marubani waliozikabili walikuwa vijana, wengi wao wa umri wa miaka 20 na kitu. Katika ndege zao tangi la petroli lilikuwa karibu mno na kiti cha rubani. Tangi lilipopigwa, moto uliruka hadi kwake kama ulimi wa joka, na kabla hajafungua kifuniko na kujirusha, sekunde chache zilitosha kumla mikono na uso. Kofia ya ngozi iliwakinga masikio na utosi. Barakoa ya oksijeni iliwanusuru baadhi yao sehemu ya pua na mdomo. Wengine walikuwa wameivua, au wamevua glavu na miwani, wakaungua vibaya zaidi.

Tiba iliyokuwa ikitumika hospitalini wakati huo ilikuwa asidi ya taniki, ambayo ni jamii ya kile kinachotumika viwandani kugeuza ngozi mbichi za ng'ombe kuwa ngozi za viatu. Ilipakwa juu ya kidonda ikafanya gamba gumu jeusi. Daktari aliridhika kuona kidonda kimekauka. Lakini chini ya gamba hilo vidole vilikunjamana, kope zikavutwa mbali na mboni, na macho ya watu waliookoka kifo yakaanza kupofuka kwa kukosa kifuniko.

McIndoe alipowapokea wagonjwa wa namna hiyo alikasirika, na hasira yake haikuwa ya kufichwa. Alikuwa pia amesikia kwamba marubani walioangukia baharini walipona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu. Akaagiza wagonjwa waogeshwe katika maji ya chumvi ya uvuguvugu, vidonda vifunikwe kwa kitambaa laini chenye mafuta, na viungo vichezeshwe tangu mapema. Alipigania jambo hilo mbele ya wakubwa wa tiba ya kijeshi hadi matumizi ya asidi ya taniki kwenye nyuso na mikono yakaachwa.

Baada ya hapo ndipo kazi ndefu ilipoanza. Kwanza zilitengenezwa kope, kwa sababu jicho halisubiri. Zikafuata midomo, kisha pua. Ngozi nyembamba ilitolewa pajani au ndani ya mkono, na ile nene ilisafirishwa kwa mrija wa Gillies, ukitoka begani au kifuani hadi usoni kwa wiki kadhaa, mgonjwa akitembea na kitu kinachoning'inia kama mkonga wa tembo. Wengine walifanyiwa upasuaji mara 20 na zaidi. Baina ya upasuaji mmoja na mwingine walipumzishwa, kwani McIndoe alijua kwamba mwili na roho vyote huchoka.

Katika kazi hiyo kila aliyeshughulika na uso alijikuta akirudi mdomoni. Mdomo umezungukwa na msuli wa duara, na ngozi iliyo juu yake haina mfupa wa kuishikilia. Ndiyo maana kovu huushinda kwa urahisi. Mtu asiyeweza kupanua kinywa hawezi kula nyama wala mahindi ya kuchoma. Hula uji, chai ya sukari na vyakula laini, ambavyo ndivyo hasa hunata kwenye meno. Asiyeweza kufunga kinywa hukaukwa na ufizi, na mate ambayo Mungu ameyaweka yawe mlinzi wa meno humwagikia kidevuni. Hata daktari wa kutia nusukaputi hupata shida, kwani mpira wa hewa lazima upitishwe mahali palipobanwa. Mwenzake McIndoe katika kazi hiyo, John Hunter, alikuwa mtu mnene mcheshi, na wagonjwa walimpenda kwa mizaha yake pengine kuliko kwa dawa zake za usingizi.

Maumivu ya uso ulioungua yana tabia zake. Kovu huwasha, hukaza nyakati za baridi, na mishipa ya fahamu iliyojeruhiwa hutuma ujumbe wa moto wakati moto ulikwisha kuzimika zamani. Misuli ya kutafuna, inayolazimika kuvuta dhidi ya ngozi ngumu, hulalamika kwenye kiungo cha taya karibu na sikio. Mgonjwa husema jino linauma. Akifika zahanati linang'olewa, na kesho yake maumivu yako palepale. Kinyume chake nacho hutokea: jino limetoboka kweli na usaha umejikusanya, lakini kila mtu, mgonjwa mwenyewe akiwamo, anayahesabu maumivu hayo kuwa ni ya kovu.

Tiba inayotolewa siku hizi imejengwa juu ya misingi ile ya mataya na ngozi kutazamwa pamoja. Mgonjwa hufundishwa kupanua kinywa mara nyingi kwa siku, tangu kidonda kinapoanza kufunga. Hutengenezewa kifaa cha kutanua pembe za mdomo, akakivaa kwa miezi, kwa kuwa kovu huendelea kujivuta kwa mwaka mmoja na hata zaidi. Meno husafishwa kwa mswaki mdogo wa mtoto. Kwa mtoto haraka ni kubwa zaidi, maana taya linakua: kovu la shingo na kidevu likiliburuta kila siku, meno huota yakielekea upande usio wao.

Wapo pia watoto wanaotafuna waya wa umeme na kuunguza pembe ya mdomo. Kidonda hicho huonekana kidogo na kikavu, kisha baada ya siku kadhaa, mara nyingi katika wiki ya kwanza au ya pili, gamba linapobanduka, mshipa ulio ndani ya mdomo hupasuka na damu ikaruka. Mzazi aliyeelezwa mapema atabana mdomo huo kwa vidole viwili na kukimbilia hospitali. Asiyeelezwa hupoteza dakika za thamani.

McIndoe mwenyewe alikuwa na fikra kwamba mgonjwa anayefichwa ni mgonjwa aliyeachwa. Wodi yake, iliyoitwa Wodi ya Tatu, lilikuwa banda la mbao. Alikataza wagonjwa wavishwe zile nguo za buluu za majeruhi, akataka wavae sare zao za kijeshi. Aliruhusu pipa la bia ndani ya wodi, jambo ambalo lingemfukuzisha kazi muuguzi mkuu wa hospitali nyingine yoyote. Afisa na askari wa cheo cha chini walilala kitanda kwa kitanda.

Kisha akawageukia watu wa mji. Aliwazungukia akiwaeleza kuhusu vijana hao, akawaomba wawaalike nyumbani, wanywe nao chai na wasiwaangalie kama vioja. Mji ukaitika. Kijana asiye na pua aliweza kuingia katika sinema au baa bila watu kunyamaza. Tajiri Neville Blond na mkewe Elaine walikuwa miongoni mwa wenyeji walioifadhili hospitali hiyo kwa miaka mingi.

Mwaka 1941 wagonjwa walianzisha chama chao, wakajiita simbilisi, yaani wale wanyama wadogo wanaofanyiwa majaribio maabarani. Kilianza kama kisingizio cha kunywa pamoja. Inasemekana walimchagua mtunza hazina ambaye miguu yake iliungua ili asiweze kutoroka na fedha, na katibu ambaye vidole vyake viliungua ili asiandike kumbukumbu ndefu. McIndoe alikuwa rais wao. Vita vilipokwisha chama kilikuwa na wanachama 649, Waingereza, Wakanada, Waaustralia, watu wa New Zealand, Wapolandi na Wacheki. Mmoja wa wagonjwa wake, Richard Hillary, aliandika kitabu kilichopendwa sana juu ya kuungua kwake, akarudi kurusha ndege na kufa katika ajali mwaka 1943.

Kulikuwa na jambo la mkate pia. Kwa kanuni za jeshi, majeruhi ambaye hakurejea kazini baada ya siku 90 aliondolewa kwa pensheni ndogo. Mtu anayehitaji miaka mitatu ya upasuaji angewezaje kupona ndani ya siku 90? McIndoe aliipinga kanuni hiyo hadi ikalegezwa kwa ajili ya watu wake, akawatafutia kazi, na mara nyingine akawakopesha fedha.

Haifai kumfanya malaika. Alikuwa mwepesi wa kufoka, mpenda madaraka na mshindani, na uhusiano wake na binamu yake Gillies uliingia baridi. Wauguzi wa Wodi ya Tatu walibeba mzigo ambao haukuandikwa popote, wakitarajiwa kuvumilia mizaha na mikono ya vijana waliotaka kujithibitishia kwamba bado ni wanaume. Jambo hilo lilichukuliwa kuwa sehemu ya tiba, na leo halingekubalika. Ndoa yake ya kwanza, iliyompa mabinti wawili, ilivunjika mwaka 1953. Mwaka uliofuata alimwoa Constance Belchem. Heshima za dola zilikuwa zimekwisha kumfikia: alipewa nishani mwaka 1944 na cheo cha Sir mwaka 1947.

Baada ya vita uchovu ulimsukuma Afrika. Alinunua shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nchini Tanganyika, akawa anakuja kupumzika, kulima na kuwinda kama walivyofanya Wazungu wengi wa wakati huo. Nchini Kenya na Tanganyika ya kikoloni hospitali zilitengwa kwa rangi. Mzungu wa Kitale, mji uliofikiwa na reli mwaka 1926 kwa ajili ya mahindi ya walowezi, alikuwa na daktari karibu. Mbukusu wa Kimilili au Msabaot wa Mlima Elgon aliyeungua alitegemea misheni, mitishamba na majaliwa.

Mtu aliyeliona pengo hilo kwa macho ya daktari alikuwa Michael Wood, Mwingereza aliyehamia Kenya baada ya vita na kwenda kujifunza upasuaji wa kuunda viungo chini ya McIndoe huko East Grinstead. Wood aligundua kwamba katika eneo kubwa hivi, wenye midomo sungura, makovu ya moto na majeraha ya wanyama hawangeweza kumfuata Nairobi. Ilimbidi yeye awafuate, na njia ilikuwa ndege. Mwaka 1956, chini ya Kilimanjaro, Wood, McIndoe na Mmarekani Thomas Rees, ambaye naye alipitia mikononi mwa McIndoe, walizungumza juu ya mpango huo. Mwaka 1957 shirika likaanzishwa, lile ambalo baadaye lilijulikana kote kama AMREF. McIndoe alitumia jina lake kuchangisha fedha Uingereza, Rees akafanya hivyo Marekani, na Wood akarusha ndege. Redio za mawasiliano zilifungwa katika hospitali za misheni, na daktari wa mbali akaweza kuomba msaada kwa sauti.

McIndoe hakuishi kuyaona matunda hayo yakikomaa. Wala hakuijua barabara ya leo inayotoka Eldoret kupitia Webuye na Bungoma hadi Malaba. Bomba la mafuta lilifikishwa Eldoret mwaka 1994, na tangu hapo malori ya petroli ya kwenda Uganda yamekuwa yakipita katikati ya vijiji vya Bungoma. Wakenya wanafahamu kinachotokea lori kama hilo linapopinduka. Huko Sachang'wan, karibu na Molo, Januari 2009, zaidi ya watu 100 waliteketea wakichota mafuta. Huko Malanga, Siaya, Julai 2021, walikufa watu wasiopungua 13. Walioponea huko walibaki na nyuso na mikono ya marubani wa mwaka 1940.

Lakini moto unaojaza wodi si wa malori. Ni wa mafiga, wa sufuria la maji ya ugali, wa koroboi iliyojazwa mafuta yaliyochanganywa na petroli, na wa kifafa. Mgonjwa wa kifafa akianguka kwenye moto, wapo wanaoogopa kumshika kwa imani kwamba mate yake huambukiza. Imani hiyo haina msingi wowote, na kila sekunde ya kusitasita huongeza kina cha kidonda. Tena wapo wanaokimbilia kupaka yai, unga au dawa ya meno juu ya ngozi iliyoungua. Dawa ya meno ina kazi yake kinywani. Juu ya kidonda, kinachotakiwa ni maji safi ya baridi, yasiyo barafu, yamiminwe kwa muda wa dakika 20, kisha kitambaa safi na safari ya hospitali.

Safari yenyewe ndiyo kikwazo. Tangu mwaka 2013 hospitali za Kitale na Bungoma zimekuwa chini ya serikali za kaunti. Kutoka Kitale hadi Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret ni kilomita zipatazo 70. Kwa mzazi wa Endebess au Chwele, safari kama hiyo kila mwezi kwa mwaka mzima, kwa ajili ya kupimwa mdomo ambao kwa macho yake umekwisha kupona, ni nauli anayoweza kuona haina maana. Mdomo huachwa usinyae. Mtoto huacha shule, kwanza kwa kuchekwa, kisha kwa jino linalomuuma usiku kucha.

McIndoe alifariki dunia usingizini nyumbani kwake London usiku wa kuamkia tarehe 12 Aprili 1960, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 59. Majivu yake yalizikwa katika kanisa la Jeshi la Anga la St Clement Danes jijini London, heshima ambayo raia wa kawaida hapewi. Mwaka uliofuata kituo cha utafiti wa ngozi na majeraha kilichobeba jina lake na la familia ya Blond kilifunguliwa hospitalini East Grinstead. Michael Wood aliendelea kuruka na kupasua kwa miaka mingi, akapewa cheo cha Sir mwaka 1985, na kufariki mwaka 1987. Mikasi na vibano vilivyoundwa na McIndoe bado vimo katika masanduku ya vyumba vya upasuaji duniani kote, vikiitwa kwa jina lake na watu wasiomjua.

Simbilisi wake waliendelea kukutana kila mwaka hadi 2007, walipokuwa wazee na wachache. Mnamo Juni 2014 sanamu ya shaba ilizinduliwa katika mji wa East Grinstead. Rubani ameketi, mikono yake iliyoungua imekunjamana kifuani, uso ameuinua juu. Daktari amesimama nyuma yake na kumwekea mikono mabegani. Aliyeichonga, Martin Jennings, ni mwana wa askari wa vifaru aliyeungua uso vitani na kutibiwa na McIndoe.